Aliyepiga simu ndiye tuliyemfukuza

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia
Mkurugenzi Mkuu, Taasisi ya Elimu Tanzania
Kamishna Jenerali, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya
Afisa Elimu, Mkoa wa Tanga

YAH: KUWAFUNDISHA WANAFUNZI KUOKOANA MWENZAO ANAPOZIDIWA NA DAWA ZA KULEVYA AU POMBE

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sentensi hiyo nimeiandika mara nyingi katika utumishi wangu, nikiomba likizo, chaki, na uhamisho ambao sikuupata mpaka nikaacha kuutaka. Leo naiandika kwa jambo ambalo nikiwa kazini sikuliandikia hata mstari mmoja.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Baiolojia, mkazi wa Makorora, Tanga. Miaka tisa ya mwisho kabla sijastaafu nilipewa pia kazi ya malezi na unasihi katika shule moja ya sekondari ya hapa mjini. Jina la shule silitaji. Yaliyotokea pale yangetokea popote, na walimu wenzangu waliobaki kule wana watoto wa kusomesha.

Ilikuwa jioni ya mahafali ya kidato cha nne. Vijana wanne wa kidato cha tatu, waliokuja kupanga viti na kubeba maspika, walichomoka kabla keki haijakatwa wakaenda kukaa kwenye pagale moja upande wa Mikanjuni. Mmoja alikuwa na tramadoli, vidonge vikali vya maumivu, alizonunua dukani kidonge kimoja kimoja, bila cheti cha daktari, kama anunuaye pipi. Mwingine alikuwa na gongo kwenye chupa ya maji. Wakachanganya.

Magharibi ilipoingia, aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa amelala chali anakoroma. Mkoromo ule sikuusikia, nimesimuliwa: mzito, wa kukatikakatika, pumzi inatoka halafu inakawia kurudi. Wenzake wakamcheka. Kisha mmoja akamulika simu usoni, akaona midomo imegeuka kijivu, na kicheko kikaisha hapo hapo.

Wakafanya ambayo mtu yeyote wa mtaani kwetu angefanya. Maji kichwani, vibao mashavuni, wakamwinua atembee, miguu ikaburuzika. Mwisho, maziwa. Mmoja alitoka mbio hadi genge la jirani akarudi na pakiti, wakaanza kummiminia kinywani mtu asiyejitambua. Waheshimiwa, mwalimu wao wa Baiolojia nilikuwa mimi. Nilikuwa nimewafundisha kile kifuniko cha koo kinachozuia chakula kisiingie njia ya hewa. Mchoro wake walikuwa nao kwenye madaftari, umewekewa majina kwa rula na penseli, na mmoja wao nilimpa kumi kwa kumi. Hakuna aliyeona kwamba mchoro ule na maziwa yale ni habari moja.

Wawili wakakimbia. Aliyebaki alikuwa na namba yangu ya simu, maana niliiandika ubaoni mwanzoni mwa muhula nikasema mwenye shida yoyote anipigie. Baadaye aliniambia alikaa na simu mkononi muda mrefu akipiga hesabu. "Nikipiga, madam, nafukuzwa. Nisipopiga, labda ataamka mwenyewe."

Katika muda huo wa hesabu ndipo alipoingia mwenye pagale. Si mwenye hati. Namaanisha yule anayelala humo. Ni mwokota vyuma chakavu, mtaani wanamwita teja bila hata kushusha sauti, na kila asubuhi hupanga foleni ya methadoni, dawa ya hospitali ya kuwasaidia wanaoacha heroini. Alimgeuza mtoto ubavu, akamchokoa kinywa kwa kidole, akayatoa yale maziwa, kisha akakiinua kidevu na kusikiliza pumzi. Ilipokuwa hairudi alimlaza chali akampulizia mdomoni. Ndiye aliyemwambia yule mwenzake apige simu, tena sasa hivi. Nilipofika na bajaji ya jirani yangu nilikuta amepiga magoti kwenye kifusi, shati lake limekunjwa kuwa mto. "Bi mkubwa," akaniambia, "msimpe kitu mdomoni. Kikubwa apumue." Alijifunza wapi? Kwa waelimishaji rika wanaowafuata maskani, kwa watu ambao sisi kwenye mabango yetu tunawachora wakiwa mifupa mitupu.

Hospitali walimpokea, wakafanya kazi yao, siku ya tatu akatoka.

Sasa sehemu ambayo ni yangu. Kamati ya nidhamu ilikaa wiki iliyofuata. Wale wawili waliokimbia walikana kila kitu, na kwa kuwa hakuna aliyewaona, wakabaki shuleni. Mwaka uliofuata wakafanya mtihani wa taifa. Aliyezidiwa alihamishwa na wazazi wake kimyakimya. Akabaki aliyepiga simu. Yeye alikuwa amesema yote: duka, bei, nani alileta gongo, naye alikunywa kiasi gani. Kwa hiyo alikuwa na kosa lililothibitika, kwa maneno yake mwenyewe, aliyoniambia mimi kwenye benchi la hospitali saa tano usiku akidhani anaongea na mwalimu wa unasihi. Muhtasari ukaandikwa, bodi ikabariki, akafukuzwa. Mwenyekiti alipouliza wanaoafiki wanyooshe mkono, nilinyoosha. Nilijiambia sheria ni sheria. Nilikuwa pia nimebakiza muda mfupi kuchukua mafao, na hilo nalo niliseme.

Jumatatu mstarini uamuzi ukasomwa mbele ya shule nzima. Somo la dawa za kulevya lililoeleweka kuliko yote niliyowahi kuyashuhudia lilifundishwa asubuhi ile kwa dakika tatu, na watoto wakalishika: ukiona mwenzio anakata roho, kimbia, ukikamatwa, kana.

Ndiyo sababu naandika.

Tuangalie tunachofundisha. Madhara ya dawa za kulevya yamo kwenye masomo, na maswali yake tunayajua wote: taja madhara matano. Mtoto anataja matano anapata alama tano. Tena anayataja kwa Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha ya kufundishia sekondari, kwa hiyo anakariri majina ya kitabuni ya vitu ambavyo mtaani anavijua kama kete, ndumu, gomba na kuberi, na wakati mwingine hata hashtuki kwamba ni vitu vilevile. Mwenge wa Uhuru hupita na ujumbe. Tarehe 26 Juni tunawasimamisha juani wasikilize hotuba. Kuna mabango ya fuvu. Na kila baada ya muda tunamwalika kijana aliyeacha unga aje atoe ushuhuda. Niliwahi kumwalika mmoja mimi mwenyewe. Alikuwa msimuliaji hodari. Mwanafunzi wa nyuma aliuliza raha yake ikoje, mgeni akajibu kwa dakika kumi, ukumbi mzima kimya, na nikajua pale pale kwamba nimewalipia nauli ya mtu aje kuwatangazia bidhaa. Hakuwa na nia mbaya. Aliulizwa akajibu.

Msidhani ni manung'uniko ya bibi mstaafu. Ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu ilitoa viwango vya kimataifa vya kuzuia matumizi ya dawa hizo mwaka 2013, na mwaka 2018 ikavitoa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani. Toleo la kwanza linaeleza, baada ya kupitia tafiti, mambo ambayo shuleni hayakuonyesha faida au yalizidisha ubaya. Mhadhara wa mtu mmoja kuongea na wengine kusikiliza. Kutoa taarifa peke yake, hasa za kutisha. Kuwaleta waliowahi kutumia watoe ushuhuda. Kumpa polisi kazi ya kufundisha. Niliposoma orodha ile nilicheka kwa uchungu, maana ilikuwa kama ratiba yetu ya mwaka.

Marekani walilipitia hili kabla yetu. Mwaka 1983 mjini Los Angeles ulianza mpango wa kuwapeleka polisi madarasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya, DARE kwa kifupi chake. Ukaenea nchi nzima, wazazi wakaupenda, watoto wakapewa fulana. Watafiti walipowafuatilia wanafunzi miaka kadhaa baadaye, waliofundishwa na ambao hawakufundishwa hawakutofautiana kwa lolote la maana, na mwishowe wenye mpango wenyewe wakabadili mtaala. Fedha na fulana zilikuwa zimeshakwenda.

Magharibi mwa Australia, katika jiji la Perth, walijaribu njia nyingine mwishoni mwa miaka ya 1990. Somo lilikuwa pombe. Hawakuanza kwa kudhani kwamba kila mtoto darasani hajawahi kuionja. Waliwafundisha namna pombe inavyoleta ajali, ugomvi na kuzidiwa, na namna ya kujiepusha na madhara hayo na kumsaidia mwenzako. Wanafunzi wale walikunywa kwa hatari ndogo na kupata madhara machache kuliko wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Ireland ya Kaskazini nao wakauchukua mpango ule wakaurekebisha kwa watoto wao. Ile ilikuwa pombe, si heroini, na Perth si Ngamiani yetu hapa Tanga. Lakini hofu yetu kubwa, kwamba ukimweleza mtoto ukweli umemfungulia mlango, pale haikutimia.

Nasikia mnachotaka kusema. "Mwalimu, utawafundisha kuvuta." Niliambiwa hivyo na mkuu wangu wa shule nilipopendekeza kipindi kimoja tu cha huduma ya kwanza, na mzazi mmoja aliniuliza kama nimelipwa na wazungu. Mtoto wa Sahare, hapa kwetu pwani, hukatazwa kwenda maji makuu peke yake, tena hukatazwa kwa bakora, na bado baba yake humfundisha kuogelea. Sijasikia mtu Sahare akisema kuogelea kunawatamanisha watoto kuzama.

Somo langu mimi lingeanza kwa kusema kwamba asiyetumia yuko salama kuliko anayetumia, na lingelisema bila kupepesa. Lakini lisingeishia hapo, na lisingesema uongo. Tukimwambia kijana kwamba akivuta bangi siku moja ataokota makopo, naye Jumamosi akavuta, Jumatatu akaja shule na akili zake zote, basi Jumatatu ileile ameshaamua kwamba tulimdanganya na kwenye unga. Nimewaona wanaoamua hivyo. Tungeweza kumwambia ukweli: kwamba bangi inamharibia umakini na kumbukumbu kipindi ambacho ubongo wake bado unajengeka, na kwamba wapo ambao kweli inawavuruga akili, naye hana namna ya kujua mapema kama ni mmoja wao. Tungemwambia pia habari ya kokteli, ule msokoto wa bangi uliochanganywa na unga, ambao mtu hupewa na rafiki akidhani ni bangi tupu. Na tungemweleza arosto ilivyo, yale maumivu ya kuukosa unga, ili siku akijikuta anaumwa mifupa, pua zinachuruzika na tumbo linakatika, asidhani ni malaria.

Unga wa sindano shuleni sikuuona. Nisije nikawatisha na mimi kama mabango. Nilichokiona miaka ile tisa ni bangi, kuberi chini ya mdomo, shisha kwenye sherehe, vidonge, na pombe. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 kwa miezi michache nilipata usingizi, kisha nikaanza kuokota chupa za maji zenye harufu nyuma ya vyoo. Ila unga uko mjini, nanyi mnajua unakotoka: unapakiwa kwenye majahazi pwani ya Makran, kule Iran na Pakistani, unashuka na bahari yetu hii, na mwambao wa Tanga una bandari bubu za kutosha. Wenyewe tunasema Tanga, waja leo waondoka leo. Kete zimekuja zikakaa.

Jambo la ajabu ni kwamba serikali hii hii, kwa watu wazima, ilishathubutu. Mwaka 2011 Muhimbili walianza kutoa methadoni wakati nchi nyingi za Afrika zilikuwa hazitaki hata kulisikia neno hilo. Watu walisema mnawapa mateja unga wa serikali. Hamkurudi nyuma. Leo kliniki ziko mikoa kadhaa, Tanga tunayo, na mimi nimewaona wanafunzi wangu wa zamani wakiipanga foleni ile asubuhi, wanakunywa dozi yao mbele ya muuguzi, wanafuta mdomo, wanakwenda kwenye vibarua. Mmoja ni fundi baiskeli mzuri kuliko wote Ngamiani. Hakuna aliyemwambia kwanza aache kabisa ndipo ahudumiwe. Mlimpokea alivyo, pumzi ikiwa ingalimo, mengine yakafuata. Kwa nini busara hiyo inaishia kwenye geti la shule? Kwa nini mtu astahili kuokolewa akiwa na miaka thelathini na ameshapoteza meno, lakini akiwa na kumi na sita stahili yake ni barua ya kufukuzwa?

Mnao pia Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, uliowafungulia mlango wa kurudi wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo wasichana waliojifungua. Nilikuwepo enzi ambazo msichana mjamzito alitolewa darasani na mkoba wake mgongoni, na tuliambiwa akirudi atawaharibu wenzake. Amerudi. Hajamharibu mtu.

Ninayoyaomba ni haya, na la kwanza ndilo kubwa.

Toeni waraka useme wazi kwamba mwanafunzi anayeita msaada kwa ajili ya mwenzake aliyezidiwa na pombe, vidonge au kitu chochote, na yule aliyezidiwa mwenyewe, hawatafukuzwa wala kusimamishwa kwa sababu ya tukio hilo. Waraka usomwe mstarini, kwa Kiswahili, kila muhula unapofunguliwa, kwa sauti ileile tunayosomea majina ya waliofukuzwa. Mwuzaji ashughulikiwe na sheria, sina ugomvi na hilo, na yule mwenye duka aliyekuwa akiuza tramadoli kama pipi ningependa mumfikie kabla ya mtoto yeyote. Lakini hesabu ile ya kwenye pagale, nikipiga nafukuzwa, lazima ifutwe. Pumzi haingoji mtu amalize kupiga hesabu.

La pili ni kipindi kimoja. Dakika arobaini, Taasisi ya Elimu haihitaji kuandika kitabu. Watoto wakae chini sakafuni, wawili wawili, mmoja alale, mwingine amgeuze ubavu: mkono huu hapa, goti lile limekunjwa, kidevu juu, kinywa kielekee chini ili kinachotoka kitoke. Wafundishwe kuutambua ule mkoromo, na midomo iliyobadilika rangi, na mtu asiyeamka hata ukimfinya. Wafundishwe ya kutofanya, kwa kuwa ndiyo tunayoyafanya sote: usimpe maji, usimpe maziwa, usimtapishe, usimwache peke yake akalala. Waambiwe kwamba hospitali ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kurudisha pumzi iliyozuiwa na heroini na dawa za jamii yake, na kwamba daktari akiuliza mgonjwa amekunywa nini, jibu la kweli ni sehemu ya matibabu. Kipindi hicho kitamfaa hata mtoto ambaye hatagusa kitu maisha yake yote, maana mjomba wake ana kifafa, au jirani anakunywa pombe kupita kiasi.

La tatu, mwalimu wa unasihi asikae kwenye kamati ya nidhamu. Hata siku moja. Asubuhi nilikuwa mtu wa kuambiwa siri, mchana nikawa shahidi, saa tisa nikawa hakimu. Nilipowaeleza haya walimu wenzangu wa unasihi wa shule nyingine, walicheka wakasema na wao ni hivyo hivyo. Katika shule yangu, baada ya Jumatatu ile, hakuna mwanafunzi aliyenijia kwa habari ya dawa za kulevya hadi nilipostaafu. Taarifa yangu ya muhula ikasomeka vizuri sana. Matukio: hakuna.

Kamishna Jenerali, mamlaka yako ina namba ya bure, 119. Nimewauliza vijana wa mtaani kwangu ni ya nini. Wanasema ni ya kuwasema watu. Kama inaweza kuwa pia namba ya mtoto mwenye woga kuuliza jambo bila kutajwa jina, watangazieni hivyo, kisha mtimize.

Yule kijana tuliyemfukuza sasa anabeba barafu na matenga ya samaki kule Deep Sea. Tukikutana husema shikamoo madam, tena hunipokea kikapu hadi kwenye daladala, na sijawahi kumsikia akilitaja jambo lile. Hajui kama nilinyoosha mkono. Atajua akisoma hapa, na nimemtumia barua hii kabla ya kuwatumia nyinyi.

Nakala ya barua nimeipeleka kwa bodi ya ile shule, pamoja na maombi mawili. Kwanza, jina langu liondolewe kwenye orodha ya walioafiki. Pili, kijana apewe barua rasmi inayosema kwa nini hasa aliondoka shuleni, maneno yakiwa haya: alipiga simu.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu
Makorora, Tanga